Wazo likikwambia "ni wewe uliyemuua": nesi mstaafu alivyonifungua hapa Tanga

FundiSindano:

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi cherehani, kibanda kiko Ngamiani. Barabara ya ngapi sisemi, maana wateja wangu wengine wamo humu na sitaki mtu aje kuchukua suruali huku akinionea huruma.

Nyuzi za watu wenye mawazo nimezisoma nyingi. Majibu ni yale yale: sali, fanya mazoezi, sahau, waza chanya. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Naandika kilichonisaidia, na naandika kwa urefu. Mwenye haraka apite.

Nilikuwa na mdogo wangu, tumbo moja, niliyemfundisha kazi mwenyewe. Januari moja, msimu wa sare za shule, tulichelewa oda ya Muheza. Nikamwambia apeleke mzigo jioni ile ile kwa pikipiki. Kabla ya Pongwe lori likaacha upande wake likamfuata dogo kwenye upande wake yeye. Hakupona. Siku ya tatu nikarudishiwa mzigo, kiroba kimefungwa vile vile nilivyokifunga. Kaptula 42. Hazikuwa na hata doa.

Basi likaingia wazo: mimi ndiye niliyemuua. Halikuja kama jambo ambalo mtu amekaa akalifikiri. Lilikuja kama mtu anayekuita kwa jina lako. Nikikanyaga cherehani lipo, nikipiga pasi lipo, usiku saa nane linaniamsha kama lina appointimenti. Miezi saba. Suruali zangu mwenyewe nilizipunguza kiuno mara mbili.

Nilikwenda mahali kuomba msaada. Aliyenipokea alinisikiliza dakika tano, akasema wewe mwanamume, sahau, maisha yaendelee. Nikatoka na vidonge vya maumivu ya kichwa, ambacho hakikuwa kinaniuma.

Aliyeniokota ni mteja. Mama mmoja, nesi mstaafu, alikuwa amefanya kazi ya ushauri nasaha miaka mingi. Alikuja kuchukua gauni lake akakuta mkono wa kushoto nimeushona kulia. Hakugomba. Akaliangalia lile gauni, akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, una mawazo."

Hebu sikilizeni lugha yetu ilivyo. Kila mtu ana mawazo, lakini ukisema fulani "ana mawazo" umeshasema anaumwa. Akaniambia nije kwake Chuda Jumamosi baada ya alasiri, nije na daftari. Nikaenda na la vipimo, ndilo nililokuwa nalo.

Naendelea, nisubirini nifunge kazi ya mtu.

MamaKashata:

Nimeweka kigoda hapa. Pole sana kaka. Hizo kaptula zimenikaa kooni.

KijanaWaSahare:

Siti ya mbele. Fundi usitufanyie kama wale wa "inaendelea" halafu mwaka unaisha.

FundiSindano:

Nimerudi.

Daftari la vipimo lina safu tatu nilizozichora mwenyewe kwa rula: kifua, kiuno, urefu. Yule mama akaliangalia akacheka. Akasema tusiharibu karatasi. Juu ya kifua akaandika TUKIO, juu ya kiuno WAZO, juu ya urefu JIBU. Mpaka leo ukilifungua, ukurasa mmoja una shati la bwana harusi, wa pili una mimi.

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa safu mbili tu. Kila linapokuja, andika ulikuwa unafanya nini, halafu wazo lenyewe kwa maneno yake, usilipambe. Na pembeni uweke unaliamini kwa asilimia ngapi. Nikaandika, kwa mfano: "Jumatano, nimeona pikipiki ya buluu. Nimemuua. 100." Siku nzima ni 100, 100, 100. Kasoro Ijumaa moja, nimetoka kuswali, nikaandika 90. Nikampelekea. Hakujali zile mia zote, akaiwekea kidole ile 90. "Hii kumi imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu, lakini ndipo nilipoanza kuona kwamba hili dude linapanda na kushuka. Na ukweli haupandi ukashuka kwa sababu umetoka msikitini au umeona pikipiki.

Nikamuuliza haya ameyatoa wapi. Akaniambia kuna daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960 pale Philadelphia alikuwa akiwatibu watu wenye sonona kwa njia ya zamani, mgonjwa analala kwenye kochi anaongea. Akagundua kwamba chini ya maneno anayoyasema mgonjwa kuna mengine yanapita mbio, ambayo hata mwenyewe hayahoji. "Nimeshindwa." "Ananidharau." Mtu hayasemi, lakini ndiyo yanayomwangusha. Beck akaanza kuyashika hayo na kuyahoji pamoja na mgonjwa. Amefariki 2021, ana miaka 100. Yule mama anamtaja kama mtu wa mtaani kwake.

Safu ya tatu ndiyo nilidhani nitaambiwa niandike maneno matamu. Hapana. Nilijaribu kuandika "mimi ni kaka mwema" akanifutia. Alisema moyo si mtoto mdogo, ukiudanganya unajua. Anachotaka ni jibu la haki, hata kama si tamu. Na swali lake lilikuwa moja, alilirudia mpaka nikalichukia: "Jioni ile, saa kumi na mbili, ulikuwa unajua nini?"

Nilikuwa najua mwalimu anasubiri sare. Najua dogo ameshaendesha ile njia mara nyingi. Najua pikipiki imetoka gereji juzi. Lori sikulijua. Mimi wa leo nilikuwa namhukumu yule wa jioni ile kwa habari ambazo hakuwa nazo.

Hapo mia ikashuka 70, ikagoma. Ndipo ikaja chapati.

KijanaWaSahare:

Chapati?? 😂

FundiSindano:

Chapati, mdogo wangu. Jumamosi ya nne. Alikuwa amepika, zimefunikwa na kawa. Akatoa moja akaiweka kwenye sahani ya bati, akanipa kisu. Akasema, hii ndiyo lawama yote ya kifo cha mdogo wako. Ikate. Kila mwenye fungu mpe lake. Wewe utajikatia mwisho.

Nikasema dereva wa lori. Kiasi gani? Nikakata karibu nusu. Nani tena? Giza, na ile sehemu haina taa. Nikakata. Mwenye lori, maana tulisikia taa moja ilikuwa imekufa siku nyingi. Nikakata. Shule iliyobadilisha siku ya kupokea. Kipande. Nikanyamaza.

"Nani tena?"

Nikasema hakuna. Akanisubiri. Kuna jogoo wa jirani pale nje, nakumbuka aliwika wakati si wake. Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mtu: mimi nilimwambia aondoke saa kumi. Alikaa kumalizia mpira. Ameondoka magharibi imeshaingia.

Wakuu, nililia pale mpaka nikaona aibu. Kwa miezi saba nilijibebesha mzigo wote kwa sababu nusu yake sikuthubutu kumpa marehemu. Nilikuwa nimemkasirikia mdogo wangu, na hasira ya marehemu utaipeleka wapi? Nikaigeuza ikanila mimi.

Mama hakusema "usilie". Alisubiri, akanipa maji. Kisha akasema kata na hicho. Nikamkatia dogo kipande chake. Kilichobaki kwenye sahani ni kama kidole gumba. Akanisogezea. "Hiki ndicho chako. Kile."

Nikakila. Kilikuwa kimeshapoa.

MamaKashata:

Kaka umeniliza ofisini.

BinDigo:

Fundi, swali la kweli, sitanii. Na kama kipande chako kingekuwa kikubwa? Mimi mwenzako nilidhulumu. Mirathi ya kaka yangu, watoto wake wanajua. Wazo linalonijia usiku ni "wewe mwizi". Nikikata chapati, yangu ni robo tatu. Nifanyeje?

FundiSindano:

BinDigo, nashukuru kwa ukweli wako. Niliwahi kumuuliza mama swali kama hilo. Alisema wazo likihojiwa likashinda kesi, usilibadilishe. Hapo halihitaji daftari, linahitaji miguu. Nenda kwa wenye haki yao. Kitu pekee cha kuhoji ni lile neno la pili linalojificha nyuma, yaani "mwizi basi, hata nikirudisha ni bure". Hilo ndilo la uongo, na ndilo linalokufanya usiende.

KijanaWaSahare:

Samahani wakubwa, nisemwe vibaya tu. Hizi ni saikolojia za wazungu. Babu zetu hapa pwani walikuwa na misiba, wakaenda baharini wakavua, wakapona. Nani alikuwa na daftari?

MsomiWaKahawa:

Kijana, wengine walipona, wengine tunawajua kwa majina ya "yule mjomba asiyeongea". Hao huwahesabu.

Na kuhusu uzungu, ngoja nikupe kisa cha Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi wachache kule Mbare, Harare. Madaktari wa kazi hiyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole nchi nzima. Wakaweka benchi nje ya kliniki, bibi anakaa na mwenye shida, wanaongea. Kwa Kishona, lugha ya kule, wana neno lao, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Si ndiyo "ana mawazo" yetu? Anachofanya bibi si kumpa mtu methali. Anamfungua aseme yote, kisha wanachagua tatizo MOJA, wanatafuta hatua moja mtu anayoweza kuifanya wiki ile, akirudi wanaangalia imekwendaje. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache mno kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Na hapa kwetu: Moshi, pamoja na Bungoma kule Kenya, ulifanyika utafiti wa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa. Mtoto anasaidiwa kusimulia kifo cha mzazi kidogo kidogo, mpaka aweze kukisema bila kuzama, na yale ya "amekufa kwa sababu nilikuwa mkorofi" yanahojiwa. Matokeo yalitoka 2020: sehemu nyingi walipata nafuu kuliko huduma ya kawaida, ingawa si zote. Washauri ni Waafrika, watoto ni Waafrika, na kilio ni chetu.

KijanaWaSahare:

Sawa mzee, nimekaa chini.

Tumaini_Korogwe:

Mimi niliambiwa kanisani kwamba mtu wa imani hahuzuniki hivyo. Mwaka wa pili sasa nalia chooni ili watu wasione.

MabawaKwetu:

Dada Tumaini, aliyekwambia hivyo amekudhulumu. Sisi tunasoma katika Sura Yusuf kwamba Nabii Yaqub alihuzunika kwa ajili ya mwanawe mpaka macho yakawa meupe. Nabii huyo. Na kwenu si Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro? Lia sebuleni dada yangu.

NesiWaZamu:

Nimesoma uzi wote nikiwa zamu ya usiku. Fundi, huyo mama wako ni wa kutunzwa. Lakini naongeza mambo, maana najua kesho watu wataanza kukata chapati kila nyumba.

Kwanza, si kila wazo baya ni la kubadilishwa. Mwanamke anayepigwa akiwaza "siko salama humu ndani", hilo wazo liko sawasawa. Asije mtu akamwambia "badili fikra zako". Anayebadilishwa hapo ni mpigaji, na njia ni Dawati la Jinsia pale polisi na ofisi ya ustawi wa jamii. Nimeona washauri wa mitandaoni wakiwarudisha wanawake kwenye kipigo kwa maneno ya "mtazamo chanya". Naomba tusifanye hivyo humu.

Pili, mtu anayesikia sauti, anayekaa siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka, au anayepanga kujiua, huyo usimpe daftari, mpeleke hospitali leo, na usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mlango. Mkoa wetu mmeusahau: Lutindi, kule milimani Korogwe, wamekuwa wakiwapokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani. Ugonjwa wa akili si habari mpya iliyoletwa na simu.

Tatu, kuandika. Mwaka 1986 James Pennebaker aliwaambia wanafunzi wa chuo waandike jambo lililowaumiza maishani, dakika 15, siku nne mfululizo. Wengi walitoka pale wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia. Nafuu ilionekana miezi iliyofuata, walikwenda kwa daktari mara chache. Kwa hiyo ukiandika leo ukajisikia vibaya zaidi, si kwamba umekosea. Ila usiandikie usiku wa manane peke yako, na kidonda kibichi cha wiki hii usikichokonoe.

FundiSindano:

Nesi, ahsante sana. Hilo la usiku wa manane na mimi nilikatazwa.

Nimalizie yaliyobaki. Baada ya chapati wazo lilishuka 30 au 40, lakini halikuacha kuja. Mama akalipangia saa. Kila siku baada ya alasiri, dakika 20, barazani kwangu, nakaa nalo peke yetu. Likija asubuhi naliambia subiri zamu yako, naliandika neno moja kwa chaki ya kitambaa ukutani, naendelea kushona. Mnaweza kucheka, mimi nilicheka. Lakini ukilifukuza wazo linarudi na ndugu zake, ukiliwekea miadi linatulia. Siku nyingine alasiri ikifika nakaa pale, naliita, halina la kusema. Namaliza dakika zangu kwa kuangalia baiskeli zinazopita.

Kisha barua. Nilimwandikia dogo kurasa mbili. Mambo ya mpira nimeyaandika kwa hasira kabisa, halafu mwisho nikajikuta namwambia cherehani yake nimeifunika kitambaa cha maua na kwamba mashine ya ovaloki imeharibika. Nani anayemwambia marehemu habari ya ovaloki? Sikuipeleka popote, imo kwenye daftari, kati ya vipimo vya mama mmoja wa Makorora na vya mtoto wake.

Na la mwisho, njia ya Muheza. Tangu siku ile nilikuwa sipiti. Oda za kule nilizikataa, kitambaa nikaagiza kwa mtu. Mama akasema tutaisogelea kama mtu anayeingia baharini. Wiki ya kwanza baiskeli mpaka stendi ya Kange tu, nikae pale, moyo udunde, nisiondoke mpaka utulie. Alilisisitiza hilo: ukiondoka ukiwa unadunda, moyo unajifunza kwamba pale ni pa kukimbia. Siku ya kwanza nilikaa karibu saa nzima, muuza karanga akadhani nasubiri basi la Dar. Wiki ya tatu nikapanda daladala, nikashuka kabla ya Pongwe. Wiki ya sita nikashuka pale penyewe. Ni majani tu. Kuna kibanda cha mkaa. Nilitegemea kukuta kitu, sijui nini.

MamaKashata:

Na sasa hivi kaka? Unapita?

FundiSindano:

Wiki iliyopita nilikwenda kupima sare, shule ile ile. Kwenye gari nilikaa na bibi mwenye kapu la kuku, mmoja akatoa kichwa akaanza kunidonoa suruali, tukagombana nao mpaka kondakta akaita "Muheza wa kushuka!" Pongwe tumeipita saa ngapi sikujua. Nimeshuka, nikanunua machungwa ya mia tano, ndipo wazo likaja, pale pale napokea chenji. Nikalipa asilimia 20. Nikaandika jioni, safu ya kiuno.

BinDigo:

Fundi, nimempigia mtoto wa kaka leo. Amepokea. Tumekubaliana Jumapili.